Msimu wa Samaki Kasungami

Wahenga waliotuachia methali hii walikuwa watu wa haki, lakini hawakuwa watu wa huruma. Walisema kwamba maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge. Hawakusema kwamba maji hayo yatakuwa ya moto. Hawakusema kwamba utapewa taulo, wala kwamba wakwe zako hawatakuwapo ukingoni wakikutazama. Maana ya methali ni kwamba mtu akilianza jambo mbele za watu, kwa vitendo au kwa mdomo wake tu, hana budi kulifikisha mwisho. Na kama yuko mtu mjini Lubumbashi aliyeisoma methali hii kwa ngozi yake yote, kuanzia nyayo mpaka shingo, basi mtu huyo ni André Kunda, fundi wa friji.

André alikuwa kijana mpole, mwembamba kama mwanzi, mwenye mikono ya dhahabu. Friji iliyokwisha kuliliwa na wenyewe ilifufuka akiigusa. Katika soko la Ruashi, akina mama wauzao tomson walimwombea maisha marefu kila Jumapili, kwa maana tomson ni samaki wa bahari aletwaye mjini kwa malori, ameganda kama tofali, na friji ikifa naye anaanza kunuka kabla ya adhuhuri. Hakuna nyumba ya Lubumbashi isiyomjua samaki huyo. Jumatatu huliwa kwa bukari, yaani ugali wa huku, Jumatano huliwa kwa bukari, na Ijumaa huliwa kwa bukari na kwa ibada.

Ni tomson aliyemkutanisha André na Virginie. Siku moja friji ya Mama Chilufya, muuzaji mashuhuri pale sokoni, ilizima ghafla. Fundi alipofika alimkuta mpwa wa mama huyo, mwalimu wa shule ya msingi, ameketi juu ya sanduku la samaki akisahihisha kazi za wanafunzi. Friji hiyo ilikuwa na ugonjwa mdogo tu wa waya, lakini André aliitibu kwa muda wa wiki tatu. Mwishowe hata friji yenyewe ilielewa. Wazazi wakapelekewa habari, posa ikapokelewa, na harusi ikapangwa mwezi wa Agosti. Mambo yalikuwa yakiteleza kama samaki aliyepakwa mafuta.

Kisha kampuni iliyomwajiri André ikampeleka mwezi mmoja katika kisiwa cha Bahari ya Hindi, akajifunze mitambo mipya ya vyumba vya baridi.

Mchana kutwa alikuwa ndani ya vyumba hivyo, amevaa koti na glavu, akitazamana na samaki waliokwisha kufa. Jioni alinunua mkate akaenda kuula gatini, mahali ambapo matajiri wa nchi za mbali hupanda boti za kasi kwenda kuvua samaki wakubwa kwa fimbo na uzi, si kwa sababu ya njaa bali kwa mchezo. Manahodha wa boti hizo walipenda kusema, naye alipenda kusikiliza. Akajua kwamba nduaro, yule samaki mwenye mdomo kama mkuki, hupanda juu maji yakipata joto, kuanzia Novemba mpaka Machi. Akajua kwamba jodari hupita kwa makundi Machi na Aprili. Akajua kwamba fulusi huonekana miezi ya mwisho wa mwaka, na kwamba katikati ya mwaka bahari huchafuka na mwenye akili hubaki nyumbani. Hayo yote aliyajua. Lilibaki jambo moja dogo: hakuwahi kukanyaga boti. Kuogelea hakujui, na maji yakipita magoti humtia kizunguzungu. Picha aliyopigwa akiwa amesimama karibu na nduaro aliyening'inizwa gatini, amempapasa begani kama rafiki wa zamani, ilipigwa na mpishi wa hoteli.

Aliporudi Lubumbashi, Jumapili ya kwanza alialikwa chakula kwa Papa Bwalya, baba yake Virginie. Papa Bwalya alikuwa mstaafu wa reli. Aliheshimu vitu viwili duniani: Misa na ratiba. André aliposimulia kwamba kule baharini kila samaki hufika kwa mwezi wake na kuondoka kwa mwezi wake, mzee aliweka kijiko chini. Alisema kwamba hao ni samaki wenye adabu kuliko treni zote alizowahi kuziongoza. Akaomba arudiwe miezi tangu mwanzo. Ndipo kaka mmoja wa Virginie alipouliza kama André mwenyewe alikuwa ndani ya boti siku ya ile picha waliyokuwa wakipokezana mezani.

André alikuwa na tonge la bukari mdomoni. Mtu mwenye tonge mdomoni hawezi kutoa maelezo marefu. Akaitikia kwa kichwa, mara moja tu.

Hapo ndipo shati la kwanza lilipovuliwa, ingawa maji yenyewe hayakuwa yameonekana bado.

Tangu siku hiyo akavikwa kilemba cha ukoka, nacho kikamkaa vizuri sana. Watu wakamwita Capitaine, yaani nahodha. Kila Jumapili baada ya Misa walimzunguka, naye akawafundisha misimu ya bahari kwa sauti nzito, kidole kikiwa juu. Masimulizi nayo yakaota miguu. Nduaro wa picha, ambaye mwanzoni alikuwa amekutwa tu amening'inia, mwezi wa Mei alikuwa amevuliwa kwa msaada wa wenzake, na kufika Juni André alikuwa amepambana naye peke yake tangu asubuhi hadi jua kutua. Katekista aliguswa sana, akamtia nduaro huyo katika mafundisho ya kipaimara.

Siku ya kikao cha mwisho cha familia ikafika, mwezi wa Julai. Mahari yalikuwa yamekwisha kukubaliwa, vinywaji vilikuwa vimefunguliwa, na wazee wa pande zote mbili walikuwa wakisifiana kama watu ambao hawatakaa nyumba moja kamwe. Ndipo Mama Chilufya, shangazi yake Virginie, akajikohoza.

Hapa ni lazima msomaji afahamu jambo. Mama Chilufya ni wa ukoo wa Mamba, na André ni wa ukoo wa Samaki. Koo hizo mbili ni banungwe, yaani watani tangu zamani za mababu, kwa sababu iliyo wazi kwa yeyote anayejua mamba hula nini. Mtani anaweza kukutukana msibani na ukamshukuru. Anaweza kukudai kitu mbele za watu, nawe huruhusiwi kukataa wala kununa. Anayenuna amejitia aibu yeye na ukoo wake wote. Hiyo ni sheria, na haina mahakama ya rufaa.

"Mutoto wa Samaki," Mama Chilufya akasema, kwa Kiswahili cha mjini ambacho lakini yake ni mais ya Kifaransa, "mahari tumeona, bière tumekunywa, c'est bon. Mais Mamba hajakula. Tangu mwezi wa nne unatulisha samaki ya masikio tu. Kabla ya harusi, lete samaki moja ya mukono yako. Kama weye ni capitaine ya kweli, ni kitu kidogo sana."

Watu wakapiga makofi. Lakini akili ya André, iliyozoea kutafuta waya uliokatika, ikapata njia ya kutokea. Akainua kidole.

"Tantine, ombi yako ni ya haki kabisa. Mais kila samaki iko na musimu yake. Sasa tuko mu mwezi wa saba, bahari iko mubaya, nduaro amelala chini. Musimu muzuri ni Novemba mpaka Machi. Mbele ya pale, hata capitaine mukubwa atarudi mikono mitupu."

Alijiona amepona. Alikuwa amesahau kwamba anazungumza mbele ya mtu wa reli.

Papa Bwalya akatikisa kichwa kwa heshima kubwa. Alisema kwamba treni haitoki kabla ya saa yake, na kama samaki ana ratiba, binadamu ni nani aivunje. Basi harusi ingojee msimu. Kwa kuwa msimu unaanza Novemba na kwisha Machi, ni afadhali kuchukua mwisho wake, ili kusitokee kosa. Katekista, aliyekuwapo pia, akakumbusha kwamba Machi ni Kwaresima, na Kanisa halifungishi ndoa za shangwe wakati wa Kwaresima. Mzee akakubali hilo pia. Harusi ikasogezwa hadi baada ya Pasaka.

André akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

Virginie alisimama, akamwashiria André atoke nje, wakaenda nyuma ya nyumba, karibu na jiko la makaa. Alikuwa msichana mwenye sauti ndogo, ile sauti ya walimu inayowanyamazisha watoto hamsini bila kupanda.

"André, ulipanda boti?"

André akaanza kueleza habari za mikondo ya maji.

"Minauliza mara moja tu."

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Niliishika na mukono," André akasema. "Ilikuwa imefungwa."

Virginie akageuka upande, mabega yakamtikisika, na kwa dakika hiyo haikujulikana kama analia au anacheka. Alipomgeukia tena uso wake ulikuwa mkavu.

"Sikia. Mimi nilikubali fundi wa friji. Huyu capitaine simujue, na sitaolewa naye, hata mwezi wa nane, hata nyuma ya Pasaka. Rudia mule ndani umwambie papa kweli. Kama hauwezi, basi beba nduaro yako mwende mukaoane."

André akapiga moyo konde, akarudi ndani. Alikuwa amekusudia kusema kweli, na kweli yenyewe ilikuwa imekwisha kupanda mpaka kooni. Lakini alipoingia tu, wazee wakainua bilauri zao kumsalimu Capitaine, na ile kweli ikamkwama kama mwiba wa samaki. Kisha akasikia mdomo wake ukitangaza, bila ruhusa yake, kwamba amekumbuka: mvuvi wa kweli hashindwi na maji yoyote, hata yasiyo na chumvi. Kwa hiyo Jumamosi ijayo atavua samaki katika kidimbwi cha shamba la Papa Bwalya kule Kasungami, nje kidogo ya mji, familia nzima ishuhudie, na harusi ibaki Agosti.

Mama Chilufya akapiga vigelegele. Mlangoni, Virginie akajifunika uso kwa kiganja.

Hiyo ilikuwa suruali.

André alikuwa na rafiki aitwaye Guelor, aliyefanya naye kazi katika chumba cha baridi cha kampuni. Guelor alikuwa rafiki wa kweli, yaani yule anayekuja kukusaidia na kukuacha umeharibikiwa zaidi. Aliposikia habari alicheka kwanza, akashiba, kisha akatoa mpango. Kila Ijumaa lori huleta samaki wabichi kutoka ziwani, kwa njia ya Kasenga. Guelor angenunua mmoja mkubwa, na Jumamosi asubuhi na mapema angemfunga kwenye kamba na kumzamisha kidimbwini, chini ya matete. André angefika na wakwe zake, angeketi ukingoni kwa heshima, na wakati wake ukitimia angevuta. André aliuona mpango huo kuwa mwovu. Akaukubali papo hapo.

Ijumaa lori la Kasenga lilivunjika ekseli njiani, halikufika. Guelor alisubiri, akakuna kichwa, akaingia chumba cha baridi kufikiri. Humo kulikuwa na samaki tele. Akasema moyoni kwamba samaki ni samaki, akachagua aliye mkubwa kuliko wote, na Jumamosi alfajiri akamfunga kamba na jiwe dogo asielee, akamzamisha. Hakumwambia rafiki yake, asije akamtia wasiwasi bure.

Asubuhi ya Jumamosi ilikuwa na baridi ile ya Julai ambayo huwafanya hata mbwa wa Lubumbashi waombe koti. Kasungami nyasi zilikuwa zimekauka na kuwa rangi ya mkate, na kijito kilichopita katika shamba la Papa Bwalya kilikuwa kimepungua, kikaacha kidimbwi kimoja cha rangi ya chai ya maziwa. Familia ilifika na mablanketi, viti vya plastiki na sufuria. Katekista alikuja kwa niaba ya Kanisa. Mama Chilufya na dada zake walikuja wamebeba vikapu vyao vipana vya matete, wakasema ni vya kubebea kabichi.

Capitaine alivaa kofia nyeupe aliyoinunua mjini na miwani ya jua, ingawa jua lenyewe lilikuwa bado linajadiliana na ukungu. Akasimama ukingoni. Akatoa mafundisho mafupi juu ya uvumilivu, akataja nduaro, jodari na fulusi kwa mpangilio wao, akalamba kidole akakiinua juu kupima hewa. Papa Bwalya alitazama saa yake na kutikisa kichwa kwa furaha. Kisha André akaishika kamba, akavuta.

Kamba ikakaza. Umati ukasimama. André akarudi nyuma hatua moja, akaegemea kama mtu anayevuta ng'ombe, akakunja uso kwa maumivu aliyoyapanga tangu juzi. Akavuta kwa nguvu zake zote, na samaki akaruka kutoka majini, akapita hewani amenyooka kama rungu, akaanguka juu ya mwamba wa ukingoni.

Ko.

Samaki wa kawaida akitolewa majini hupigapiga mkia. Huyu alilala kimya, mdomo wazi, barafu ikimng'aa machoni, na ubavuni mwake kulikuwa na alama ya pembe ya sanduku. Hakuna aliyehitaji kuuliza jina lake. Wote waliokuwapo walikuwa wamemla jana, kwa maana jana ilikuwa Ijumaa.

Mama Chilufya akamwinua kwa mkia. Akamgonga kwenye ukingo wa kiti, ko, ko, kama mtu abishaye hodi.

"Huyu minamujua," akasema taratibu. "Ni tomson. Alitoka mu bahari yake kule mbali, akapita mupaka ya Kasumbalesa, akapanga mustari na malori, akalipa ushuru ya douane, akatembea kwa miguu mpaka Kasungami juu ya kuja kuonana na Capitaine. Samaki ya heshima. Ona sasa, safari imemutia baridi."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Katekista alicheka hadi akajipiga ishara ya msalaba. Nyuma ya matete ilisikika pikipiki ikiwaka na kuondoka kwa kasi. Huyo alikuwa Guelor, aliyekumbuka ghafla kwamba ana kazi mjini.

Mtu mmoja hakucheka. Papa Bwalya alikuwa akimtazama tomson, kisha kamba, kisha kofia nyeupe.

"Miaka yangu yote ya reli," akasema, "treni ilinichelewesha. Ilinilaza mu njia. Mais haikunidanganya hata siku moja."

Akachukua fimbo yake, akaanza kupanda njia ya kurudi barabarani. Virginie alibaki ukingoni, mikono ndani ya kitenge chake, anatazama maji. Hakumtazama André, na hilo lilimchoma kuliko kicheko chote. Njia ya kukimbilia ilikuwa wazi. Angeweza kusema kwamba ulikuwa mzaha, na Mamba na Samaki wangecheka, na mzee angeendelea na safari yake, na Agosti ingepita kama mwezi mwingine wowote.

André akavua kofia.

"Papa, ngojea," akasema. Sauti yake haikuwa ile nzito ya Jumapili. Ilikuwa ya mtu wa kawaida. "Sikupanda boti. Hata kuogelea sijue. Samaki yote minajua ni ya friji. Ile miezi nilisikia kwa bantu ya boti. Nilidanganya, unisamehe. Mais nilisema samaki ya mukono yangu, na mukono iko."

Akaweka miwani juu ya tomson. Akavua koti, akavua viatu, akavua sweta, shati na suruali, akabaki na kaptura peke yake, mbavu zake zikihesabika kama reli za Papa Bwalya. Akaingia majini.

Maji ya Kasungami mwezi wa Julai hayana urafiki na mtu. Yalimshika vifundo, yakampanda magoti, na hapo kizunguzungu chake cha kawaida kilikuja, kikakuta baridi imekwisha kutangulia kazini, kikarudi zake. Yalipofika kiunoni alitoa mlio mwembamba ambao katekista alidhani ni ndege. Yalipofika kifuani alinyamaza kabisa. Akaanza kupapasa chini ya maji. Kitu kikamteleza kati ya vidole, kikaondoka. Kingine kikampita mguuni. Akajirusha, akapata matope.

Papa Bwalya alikuwa amesimama njiani, hajageuka, lakini pia hajaendelea.

Ukingoni Mama Chilufya alikuwa amepata uzima wa milele. Alimwuliza mtani wake kama anatafuta samaki au sabuni. Aliwaambia dada zake wamtazame vizuri, kwa sababu ndiyo mara ya kwanza Samaki kuingia majini na kuomba atolewe. Akina mama wakalia kwa kucheka. Ndipo André akasimama wima katikati ya kidimbwi, meno yakigongana kama mashine ya kushona, akainua kidole kilekile.

"Munungwe wangu," akasema, "mimi Samaki niko mu maji, ndiyo kwetu. Mais minaona Mamba iko inje, imevaa viatu. Tangu lini Mamba anaogopa maji? Minakuomba mbele ya bantu yote. Kuja unisaidie."

Kicheko kikakatika kama kimekatwa kwa kisu. Utani ni mlango wa pande mbili: anayeingilia upande huu anaweza kusukumwa kutoka upande ule. Mtani amedai, mbele za watu, na hakuna kukataa wala kununa. Macho yote yakamgeukia Mama Chilufya, aliyekuwa amevaa soksi juu ya soksi na blanketi.

Alitazama maji. Akamtazama mtani wake aliyekuwa akigeuka rangi. Kisha uso wake mpana ukapasuka kwa kicheko.

"Mutoto huyu amenikamata," akawaambia dada zake. "Muniletee kikapu."

Akavua viatu na soksi, akajifunga kitenge juu ya magoti, akaingia akimtaja Mungu na Bikira kwa kila hatua. Dada zake wakamfuata, maana haifai Mamba mmoja aaibike peke yake. Wote walikuwa wamezaliwa upande wa Kasenga, na walipokuwa wasichana walivua hivyohivyo kila kiangazi, maji yalipopungua na samaki kubanana katika vidimbwi. Ilikuwa kazi ya wanawake. Mwanamume aliyeonekana na kikapu majini alitungiwa nyimbo hadi uzeeni. Mama Chilufya akampa André kikapu kikubwa kuliko vyote.

"Leo utaimbiwa," akamwambia. "Inama."

Wakajipanga mstari toka ukingo hadi ukingo, wakavuruga matope kwa miguu, wakasukuma vikapu mbele yao, wakiimba. Wimbo ulikuwa mpya, na ulimhusu fundi mmoja aliyeoa tomson. André aliinama, akaimba kiitikio kama wengine, akapiga kikapu chini na kukiinua, kitupu. Akapiga tena, kitupu. Mara ya tatu kikapu kikawa kizito na kikaanza kumpiga tumboni. Ndani mlikuwa na kambare, mweusi, mwenye hasira na masharubu kama ya katekista. Kambare akaruka. André akatupa kikapu, akamkumbatia kifuani kwa mikono miwili, akateleza, akazama mzimamzima.

Juu ya maji likabaki povu.

"Usimwache," ikasikika sauti ukingoni. Ilikuwa ya Papa Bwalya, ambaye alikuwa amekwisha kurudi mbio, na kiatu chake kimoja kilikuwa ndani ya maji bila yeye kujua.

André akaibuka, amejaa matope mpaka kwenye nyusi, anakohoa, na kambare akiwa bado kifuani. Akapanda ukingoni kwa magoti, akamlaza samaki mbele ya mzee. Alikuwa samaki wa wastani, asiyezidi urefu wa mkono tangu kiwiko hadi kiganja. Alipigapiga mkia kwa nguvu, akamrushia mkwe matope kwenye suruali ya Misa.

Papa Bwalya akamwinamia samaki. Midomo yake ilikuwa ikipigana na kitu.

"Na huyu," akauliza, "musimu yake ni lini?"

"Minafikiri ni leo, Papa," André akajibu, akitetemeka.

Mzee akashindwa. Alicheka kicheko cha treni inayoanza kupanda mlima, polepole kwanza, kisha bila breki. Alipomaliza kujifuta macho alisema kwamba Agosti ni Agosti, na ratiba haitaguswa tena na mtu yeyote, awe wa baharini au wa nchi kavu. Kidimbwini akina mama walijibu kwa vigelegele, maana walikuwa wamepata kambare wengine wanne na hawakutaka tena kutoka.

Virginie akaja, akafungua kitenge chake, akamfunika André tangu kichwani. Akamtazama kuanzia juu hadi chini, kama fundi anavyotazama mtambo ulioletwa na mkokoteni.

"Fundi," akasema, "umeganda. Nani atakutengeneza?"

André alitaka kujibu, lakini meno yake hayakumpa nafasi. Akaitikia kwa kichwa, mara moja tu, na safari hii lilikuwa jibu la kweli.

Harusi ilifungwa Agosti. Kambare wa Kasungami alikaushwa kwa moshi, akawekwa katika sahani yake peke yake mbele ya Mama Chilufya, naye alimla mzima, kichwa na masharubu, huku ukoo wa Samaki ukimpigia makofi ya rambirambi. Wageni wengine walikula tomson, aliyegawiwa meza kwa meza na Guelor, kwa amri ya bibi harusi. Na alipotokea mgeni mmoja kutoka Likasi akamwomba Capitaine awasimulie habari za nduaro, bwana harusi alisema kwamba friji anazijua vizuri, ila kwa habari za bahari wamwulize mtu aliyepanda boti. Kisha akasogeza kiti chake karibu na jiko, kwa maana baridi ya siku ile ilikuwa bado haijamtoka sawasawa kwenye mifupa.

Basi mwenye mdomo na aseme, lakini kwanza achovye kidole ajue baridi yake, kwa kuwa wahenga hawatanii kama Mamba na Samaki: maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge.